Elfu Kumi na Nne

Shimanzi, nyuma ya maghala ya mafuta,
kuna karakana isiyo na kibao.
Kibao, asema Bi Saumu Mwakombo,
ni cha fundi asiyejulikana.

Kule Changamwe nilikuwa na beji na kiti cha kuzunguka,
elfu thelathini na nane kila tarehe ishirini na tisa,
na kazi moja: kugonga muhuri wa IMEPOKEWA.
Miaka minne nilipokea.
Sikumbuki nilipokea nini.

Hapa ni elfu kumi na nne, na chai.
Siku ya kwanza alinitupia pampu ya dizeli
ya lori lililozimika Mariakani.
"Ifungue." Nikaifungua.
"Ifunge." Ikabaki springi moja kiganjani.
Hakunicheka. Aliiangalia
kama mgeni aliyesahauliwa barazani.
"Huyu naye ana kwao. Mrudishe."
Nilimtafutia kwao hadi adhana ya Isha.

Mwenye nyumba Mikindani hataki habari za springi.
Tumehama chumba cha mbele,
tumeingia cha nyuma, ukuta mmoja na choo.
Wakesho ameuza friji. Hakusema neno.
Alipiga deki pale iliposimama,
ukabaki mraba mweupe sakafuni,
na mpaka leo tunaupita kando.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Sawa. Mbona hakuna aliyetaja mgongo?

Shemeji akauliza, "Umepandishwa au umeshushwa?"
Nikamwambia bado napiga hesabu:
thelathini na nane, toa kumi na nne.
Ishirini na nne ndiyo karo yangu,
shule haina sare, haina risiti.

Na nisijitie ushujaa.
Mwezi wa tano nilipita Changamwe makusudi,
nikachungulia dirishani.
Kiti changu kilikuwa kinazunguka
na kijana wa watu, anapiga miayo.
Nilimwonea wivu hadi kituoni.

Jana limekuja lori linakohoa.
Bi Saumu hakugusa kitu.
"Ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni. Haya, niambie."
Nikafumba macho.
Moja, sawa. Mbili, sawa.
Ya tatu ilichelewa kidogo,
kama mtu anayeitikia salamu
huku anawaza deni.
"Ya tatu," nikasema.

Hakusema ndiyo, hakusema siyo.
Alininyooshea spana ya kumi na tatu,
akaenda zake kununua mahamri.