Kidole Gumba cha Baba

Bi Yordanka ameingia na pazia begani.
Linaning'inia juu ya sakafu, asema,
kama suruali ya mtoto aliyerefuka.
"Nilinunua mita sita. Pima."

Zdravka akapima kwa ufito wa baba yake: sita.
Bi Yordanka akatoa utepe wa chuma mkobani:
tano, na sentimita themanini na nane.

Ncha ya ufito imelika.
Miaka arobaini ya kugongwa mezani,
katika duka hili la mlango mmoja, Plovdiv.

Na Baba, kila mita, alikisogeza kitambaa mbele
upana wa kidole gumba,
ndipo mkasi ukapita.
Zdravka aliuita ukarimu wa mzee,
akaufuta mwaka aliorithi funguo.
Biashara si sadaka, alisema,
na hesabu zikanona.

Haikuwa sadaka.
Lilikuwa deni, likilipwa papo hapo, kimya.
(Kwa nini hakununua ufito mpya?
Hilo Manol hatamjibu tena.)

Usiku, daftari. Miaka mitatu:
shuka, mapazia,
gauni la harusi la binti wa mwokaji
lililobana, wakamlaumu fundi.

Asubuhi, karatasi mlangoni:
*Nimewapunja. Leteni risiti.
Asiye nayo, aje vilevile.*

Wa kwanza kufika hamjui.
Hana risiti. Hana hata uzi.
Anadai nusu mita.
Zdravka anamtazama, anamtazama,
kisha anamkatia, kwa kipimo kipya cha chuma,
na kidole gumba, chenyewe,
kinasogea mbele.