Kuhama kwa Ng'walu

Ile ya kale chama kiliinunua kwenye mnada wa benki.
Ina kisogo kirefu,
na ukiiwasha inakohoa kwanza
ndipo inakwambia leo ni tarehe mosi Januari,
mwaka elfu mbili na mbili.
Kila siku ni tarehe hiyo.
Humo ndani debe la dagaa halijawahi kupanda bei.

Mpya ni nyembamba, haina tundu la sidii,
haina tundu la waya wetu wowote.
Imekaa mezani kama mkwe siku ya kwanza.

Kazi yenyewe: daftari la wanachama wa Kayenze,
nani aliweka, nani alikopa, nani bado.

Flashi ya kwanza haikusomeka.
Ya pili ilisomeka, ikasema imejaa;
nikakuta mahubiri na picha za sendofu ya shemeji.
Nikafuta. (Shemeji, utanisamehe.)
Asilimia thelathini. Sitini na moja.
Sitini na moja.
Sitini na moja.
Nikapuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli,
akatoka mjusi, mweupe, hana haraka.
Halafu luku ikaisha.

Fundi Lutonja yuko Makoroboi,
kelele za mtaa zinaingia kwenye simu kabla yake.
"Saa yake inasema mwaka gani?"
Nikamwambia.
"Betri, mama. Ile kama kifungo cha koti.
Mwenye saa iliyokufa haaminiki popote."

Nyamizi akaifuata Igombe kwa bodaboda.
Nikafungua mfuniko kwa kisu cha kuparia sato,
nikapachika kifungo,
nikaitajia kompyuta tarehe ya leo
polepole, kama unavyomwambia mtu aliyezinduka.

Saa kumi na moja jioni: mia kwa mia.
Hesabu zote zimevuka,
hakuna shilingi iliyolowa.
Ila majina.

Ng?walu.
Ng?washi.
Ng?wana Bugumba, mwenye kichanja cha tatu,
katikati ya jina lake alama ya kuuliza,
kana kwamba mashine inamtazama usoni: una hakika?

Kile kialama shuleni kinaitwa ritifaa.
Kwetu hakina jina, ni pua tu.

"Dogo hilo," akasema Lutonja. "Badilisha zote kwa mpigo."
Nikabonyeza. Zikabadilika zote kwa mpigo,
na maswali ya kweli pia.
Maana Bi Nshoma, aliyeshika daftari kabla yangu,
safu ya mwisho alikuwa akiuliza:
Amelipa? Mume amerudi toka Ukara?
Sasa imeandikwa Amelipa'
Mume amerudi toka Ukara'
na hakuna anayeuliza chochote.

Nikarudisha nyuma. Nikawasha taa ya simu.
Moja moja, basi: hili jina, hili swali.
Mia mbili na kumi na nne,
kila moja nalitamka kwanza kwa sauti
nisikie kama pua imefika.
Nyamizi mlangoni, akisubiri pesa ya boda,
anaitikia: yupo. Yupo. Huyo alihamia Geita. Yupo.

Na huu mji nao ulihamishwa hivyo hivyo,
toka vinywani kwenda kwenye ramani.
Bibi zangu walisema Ng'wanza.
Sijui siku ile nani alikosa waya.

Saa nne usiku nimefika mstari wa Ng'walu.
Nimempa ritifaa yake.
Mbele, kwa mkono wa Bi Nshoma: Mtoto amepona?
Tarehe: mosi Januari, elfu mbili na mbili.
Tarehe ya kila kitu.
Yaweza kuwa mwaka juzi. Yaweza kuwa mtoto huyo
ndiye yule mwenye ndevu anayebeba magunia.
Au mwingine, ambaye hatajwi.

Hilo sikuligusa.
Kesho asubuhi, kabla dagaa hawajaanikwa,
nitashuka mwaloni nikamuulize.