Bendera ya Meza

Alikuja Jumanne, adhuhuri imeshapita.
Duka langu la Barabara ya Lamu lina cherehani mbili, fundi mmoja,
na Thoya, anayejifunza kutia vifungo.
Akaweka simu juu ya meza ya kukatia:
"Hii bendera yetu. Naitaka keshokutwa, kabla ya saa mbili."

Kioo cha simu kilikuwa na ufa, na ufa umempitia
ndege mweupe katikati, ikabidi nimuulize
mabawa ni mawili au matatu.
Akacheka. Nchi yake, akasema, ni visiwa viwili na jabali moja,
na watu wasiojaza uwanja wa mpira.

Mkutano uko hotelini, kule Silversands.
Mataifa kumi na moja yamefungamana kulinda bahari:
akiguswa mmoja, wameguswa wote.
Wao wameomba kuingia, mara ya tatu hii.
Bendera za meza zimekuja kwa boksi kutoka Nairobi,
kumi na moja, zimepigwa pasi.
Wa kumi na mbili ni mwangalizi.
Mwangalizi hupewa kadi ya jina na chupa ya maji.

"Na mkiguswa nyinyi?" nikauliza, uzi mdomoni.

Bi Mwinaesha hakujibu haraka. Akakaa kwenye benchi la wateja.
Wana boti moja ya doria; injini yake iko kwa fundi tangu Shaabani.
Mwaka jana zilikuja meli zisizo na majina ubavuni,
zikakokota nyavu hadi kwenye matumbawe wanapoogelea watoto.
Wakapiga redio kwa jirani mkubwa.
Sauti ikawajibu kwa adabu, adabu kabisa:
"Tafadhali subirini, tunaangalia kama mko kwenye orodha."

Mimi ni mtu wa Malindi. Nimekua nikiuona ule msalaba wa Mreno
juu ya mwamba, watalii wakijipiga picha.
Shuleni tulifundishwa tarehe. Hatukufundishwa hofu:
kwamba mji huu ulikuwa mdogo, na jirani yake wa kusini mkubwa,
na mdogo asiye na wa kumshika mkono
humpa mkono yeyote anayeshuka ufukweni.
Tukampa. Bei yake tukaja kuijua baadaye, kwa mafungu.

Ndiyo maana sikupunguza.
Afisa wa itifaki, Bwana Mwaringa, alipiga simu:
ya mwangalizi iwe nusu ya kipimo.
Nikamwambia mkasi wangu haujui nusu.
Nikakata sawa na zile kumi na moja, inchi sita kwa tisa,
samawati ya satini, kijani ya leso iliyobaki,
na yule ndege nikamtarizi kwa mkono,
mshono wa kofia, vitobo na yote,
hata adhana ya alfajiri ikanikuta
jicho lake bado sijalitia.

Alilipa kwa noti ndogondogo, akaomba risiti.
Nikaandika: Bendera, moja. Nzima.

Sikuwa ukumbini. Yaliyotokea nimeyapata kwa Thoya,
aliyeyapata kwa shemeji yake anayepanga vikombe:
hotuba nzuri, makofi mazuri,
na suala lao likasogezwa kikao kijacho.
Mmoja wa wakubwa, wakati wa chai, aliiinua ile bendera,
akaigeuza upande wa nyuma,
akauliza nani ameshona.

Ningekuwepo ningemwambia:
nguo haianzi kufumuka kifuani, mheshimiwa.
Huanza pindoni, pale padogo
unapopaona hapastahili uzi.

Jioni alipita akielekea uwanja wa ndege.
Hakuichukua. "Niwekee," akasema. "Mwakani ni hapahapa."
Ipo kwenye kabati la vioo, kati ya kaptura za shule.
Wateja huuliza ni ya timu gani.
Thoya huwajibu bila kuinua kichwa:
"Bado wanasajiliwa."