Kalisti wa Makaburi

Baba alizaliwa tarehe kumi na nne Oktoba.
Padri akafungua kalenda yake, akambatiza Kalisti,
na bibi hakuuliza Kalisti ni nani.
Huku Kibosho jina ni kama koti la mtumba:
unalivaa kwanza, mwenyewe utamjua baadaye.

Mimi ndiye niliyeuliza.

Mtumwa, kijitabu kinasema. Mtumwa wa Roma.
Bwana wake alimpa fedha azitunze, na za wajane zikawamo,
zikapotea. Kwa mkono wake au kwa mikono ya wakopaji,
hakuna ajuaye:
habari zake karibu zote ziliandikwa na mtu aliyemchukia.
Akakimbilia bandarini. Alipomwona bwana anakuja
akajirusha majini. Wakamwopoa,
wakamfunga kwenye jiwe la kusagia,
kisha machimboni, Sardinia.

Nikafunga kijitabu. Nikaenda kufungua daftari.

Daftari la chama cha kahawa, jalada limeliwa na mende,
mwandiko wa katibu, Mwalimu Epimaki, umesimama wima kama fito:
*Mhazini Kalisti Urio ametoroka na fedha za msimu.*
Ametoroka na.
Hakuandika kwamba zilikopeshwa mlanguzi wa Mbuyuni
aliyeapa kurudi Jumanne.
Hakuandika kwamba mama aliuza ng'ombe,
kisha akauza mabati ya banda la ng'ombe.

Miaka sita baba alikuwa chini ya ardhi, Mererani,
akitafuta jiwe la bluu la kulipia jina.
Hakulipata. Alipata kikohozi.

Na yule wa Roma, alipoachiwa,
askofu Zefirini alimpa kazi isiyogombewa na wenye nasaba:
kutunza makaburi ya chini kwa chini, Njia ya Apia,
maskini wamelazwa safu juu ya safu
kama mikungu iliyovundikwa.
Kutoka humo akapanda, akawa papa.
Akasema mzinzi akitubu afunguliwe.
Akasema binti wa kabaila akiishi na mtumwa, hiyo ni ndoa.
Wenye haki wakachukia.
Wenye haki wana kumbukumbu nzuri sana.

Baba alirudi alfajiri moja ya masika, jani la isale mkononi.
Mtu wa mlimani sina haja ya kumweleza. Ninyi wengine:
ni jani tu, la mmea ule ule tunaoupanda mpakani
na juu ya waliolala.
Ukiletewa, unaweza kununa. Unaweza kuhesabu.
Kukataa huwezi.

Mwalimu Epimaki alilitazama muda wa chai kupoa.
Akalipokea kwa mkono wa kushoto.

Baada ya hapo baba aliomba kazi misheni,
kwenye makaburi ya wasio na kihamba:
mtawa aliyetoka mbali, mpagazi asiye na ndugu,
vichanga viwili vilivyoandikwa nambari.
Sisi wengine hulala migombani kwetu, karibu na sauti za watoto.
Wale walikuwa na baba yangu tu na fagio lake.
Miaka kumi na tisa.
Na Mwalimu alipokufa, baba alibeba jembe hadi kihambani kwake,
akachimba bila malipo,
akanyoosha kuta kwa kamba, wima, wima,
kama mwandiko ule.

Wanasema papa Kalisti alitupwa kisimani.
Wengine wanasema ni hadithi tu. Sijui.
Kila tarehe kumi na nne Oktoba ofisi za Moshi hufungwa
kwa kumbukumbu nyingine, kubwa zaidi,
nami hupanda Kibosho, nikafagia pale alipofagia,
nikanawa mikono kwenye mfereji.

Mwaka huu nilifika na daftari.
Chini ya mstari ule, kwa wino mwingine, mwandiko umelegea kidogo:
*Amerudi. Isale limepokelewa.*
Safu ya fedha ameiacha wazi.

Mimi ni mhasibu. Naijua maana ya safu tupu.
Nilikaa nayo hadi kengele ya jioni,
kalamu mkononi, kifuniko hakijafunguliwa.