Pini

Kila Mei, tulipofika ukurasa wa themanini na tano,
nilikohoa.
"Zinazofuata mtazisoma nyumbani," nikasema,
chaki ikaruka hadi kwenye moyo wa chura.
Miaka kumi na tisa nilikohoa hivyo.
Mkuu wa shule, bwana Pamfil, hakuwa na kikohozi;
yeye alikuwa na stepla.
Kwacha, kwacha, pini mbili kila kitabu,
kabla hata hatujawagawia watoto.

Na nyumbani, nani wa kuwasomea?
Mama zao walikuwa Italia wakiwaogesha wazee wa watu,
wakituma yuro na sabuni za kunukia kwa basi la Ijumaa.
Nyumbani alibaki bibi,
na bibi alikuwa na jibu moja, kidole dirishani:
korongo, yule pale juu ya nguzo ya umeme,
ndiye aliyekudondosha kwenye bomba la moshi.

Ancuța aliketi safu ya tatu, karibu na jiko la kuni.
Miaka kumi na minne. Alichora chura kunishinda mimi.
Siku moja kengele imeshalia, akabaki,
akauliza kama ni kweli mara ya kwanza haihesabiwi.
"Muulize mama yako."
Nilikuwa nimeshavaa koti. Navikumbuka vifungo:
nilivifunga vyote, hadi cha shingoni, huku ananitazama.

Oktoba alivaa sweta la bibi.
Novemba hakuvua koti darasani, tukalilaumu jiko.
Januari kiti kitupu, na kwenye rejista
nikaandika "amehama," kwa wino wa bluu,
ingawa uwanja wao nauona nikiwa dukani,
nepi zimeganda kambani kama mbao.

Husemwa mficha uchi hazai.
Sisi huku Vaslui tuliuficha, kwa pini mbili mbili,
tukazaa.

Kisha akaja nesi Smaranda na boksi kwenye buti ya gari
na fomu za wazazi kusaini.
Jumapili kasisi Teofil alituhubiri hadi mishumaa ikaisha.
Jumatatu usiku mkewe akabisha mlango wangu wa nyuma
na fomu ya binti yao, imekunjwa mara nne.
Zilitoka ishirini na tatu, zikarudi tisa.

Smaranda hakukohoa.
Alitaja kila kitu kwa jina lake
kama mtu anayetaja vituo vya treni.
Sorin alicheka kuliko wote,
kisha akauliza swali refu kuliko yote.
Na wale tisa wakawapelekea wenzao kumi na wanne
nyuma ya banda la baiskeli,
wakipunguza hapa, wakitia chumvi pale,
lakini korongo hakuwemo.

Watu wa wilaya huniuliza: je, imepungua?
Wanataka asilimia. Mimi nina rejista.
Mwaka wa Ancuța, wanne walihama bila kuhama.
Baada ya Smaranda, wawili. Halafu mmoja.
Halafu watatu tena, mwaka aliohamishiwa Iași
na boksi likabaki stoo, panya wakalitafuna.
Aliporudi, hakuna. Mwaka uliofuata, hakuna.
Siwezi kuapa kwamba ni yeye.
Wengine wanasema ni simu, wengine ni baridi.

Juzi Ancuța alikuja na fomu ya bintiye,
unga wa kiwandani kwao bado uko kwenye nyusi.
Aliisoma yote kwa kidole, akasaini, akakaa kimya.
Kisha akaomba kile kitabu chetu, cha zamani.
Nilikipata kabatini. Nikazing'oa pini kwa kisu cha mkate,
na kutu yake ikanichafua kidole.

Alisoma amesimama, koti mwilini, vifungo wazi.
Nje korongo aligonganisha mdomo wake.
Nilingoja anilaumu. Nilikuwa tayari.
Alipitisha ukucha juu ya vile vitundu,
akageuza jani, akarudi, akageuza tena.

"Kumbe," akasema,
"zilikuwa kurasa mbili tu."