Anwani ya Imali

Mama yako hakuniuliza jeni ni nini.
Aliuliza mbona Januari ulijua kusema *ing'ombe*
na kufikia Aprili neno likakutoka
kama jino, ila hakuna aliyeliokota.

Nilikuwa nimeketi jikoni kwenu, Mbale,
boksi la barafu mapajani,
vichupa viwili vya damu yako vikipoa ndani,
na chai ikishika utando
kwa sababu sikupata pa kuanzia.

Nikaanza na posta.
Nikasema: kila seli ya ubongo wake inangoja barua,
mstari mmoja tu, jinsi ya kuzoa taka za jana.
Barua aliyozaliwa nayo imechanika
pale pale panaposomwa.
Sisi tunaiandika upya,
tunamshika kirusi mpole,
tunamng'oa yote aliyokuja kusema
na kumtia maneno yetu.
Kageha, mama yako, akacheka mara ya kwanza siku ile:
"Mwizi mmemfanya tarishi?"
Ndiyo, mama. Tarishi.

Lakini tarishi wetu hajui mitaa.
Mchome mkononi, ataishia kwenye ini,
ini lile linalopokea kila kifurushi
na kusema ni changu.
Na ubongo una ukuta wake,
seli zimebanana kama punje kwenye gunzi.
Kazi yangu, mwaka wa sita sasa, ni koti la tarishi:
nabadilisha kifungo kimoja,
namtuma ndani ya panya, nampoteza,
nabadilisha kingine.
Koti la mia mbili na kumi na tatu lilipita.
Sikupiga kelele. Ilikuwa saa nane usiku, Kisumu,
stima ilikuwa imepotea,
jenereta ikakohoa, ikakataa, ikakubali.
Nilikaa sakafuni kando ya friza
nikisikiliza baridi ikirudi.

Jumanne nikapima damu yako.

Mjumbe hauawi, tulifundishwa.
Damu yako, Imali, haijasoma methali.
Siku fulani, labda ukiwa na miezi tisa,
mafua tu, pua ikitiririka,
nyanya yako akikupangusa kwa pindo la leso,
ulikutana na nduguye, yule wa porini.
Ukapigana naye. Ukamshinda.
Na mwili wako ukabandika picha yake ukutani
kama wafanyavyo polisi.
Sasa kila anayefanana naye,
hata akija na dawa mkobani,
hafiki popote.

Una miaka minne na ulifanya kila kitu sawasawa.
Hilo ndilo lililonikwama kooni:
kwamba jina lako halimo kwenye orodha
kwa sababu ulishinda.

Alinisikiliza kwa simu. Nyuma yake redio,
mtu akipasua kuni.
"Basi mbadilishieni na sura," akasema,
kama anayeagiza sare ya shule.
Nikamwambia ni kazi ya miaka.
Hakuijibu hiyo miaka.
Akaniambia ng'ombe amezaa alfajiri,
kwamba alikubeba hadi zizini,
akakushika kiganja akakiweka
juu ya ngozi ile mbichi, yenye mvuke,
na mdomo wako ukafunguka,
ukakaa wazi muda mrefu.
Hakusema kama kilitoka kitu.
Nami sikuuliza.

Leo asubuhi nimefungua ukurasa mpya wa daftari.
Mia mbili na kumi na nne.
Kwenye nafasi ya jina la sampuli
hutakiwa herufi tatu na tarehe,
na msimamizi wangu atanisema, najua.
Nimeandika *ing'ombe*.
Kisha nikavaa glavu.