Mita Moja

Zamani elfu kumi ilitufikisha Ijumaa.
Siku hizi, Jumanne jioni, mita inaanza:
pii, pii, pii,
kifaranga kimepotezana na mamaye,
na vyumba vyote vitano vinajifanya viziwi.

Somoe anafungua daftari.
Cha kwanza, taa na redio.
Cha pili ni mimi: friji, barafu za ubuyu, mara mbili.
Cha tatu, Mnali: taa tu,
na deni hadi korosho zilipwe.

“Bei wamepandisha wao,” nasema.
“Wao hawajapanga humu. Toa hela.”

Gesi wanaitoa hapo Msimbati, si mbali,
bomba likapita likaenda zake;
sisi hapa Chikongola
tunasomeana tarakimu ishirini kwa tochi ya simu,
tukikosea moja tunaanza upya.

Jana usiku wa manane
nikaamshwa na harufu ya kitambaa kilichopata moto.
Dirishani kwa Mnali: pasi.
Shati jeupe la mwanawe, kesho yake mtihani.
Akaniona. Hakuichomoa.
Kola ilikuwa bado.

Asubuhi daftari liliponifikia
nikaandika, chumba cha pili:
friji.
Pasi, mara moja.